Jeraniamu za kudumu: uchukue Rozanne, makrorizumu, au ndugu zao?

Mei ikifika, maduka ya bustani hapa Uingereza hupanga meza mbili. Ya mbele imejaa maua mekundu ya kuwaka, ya waridi na meupe, kwenye vikopo vya plastiki, bei nafuu, unachukua sita kwa mara moja. Ya nyuma ina vyungu vya majani matupu, na ua moja moja la buluu likichungulia. Vibao vya meza zote mbili vimeandikwa Geranium. Mtu aliyekulia Lushoto kama mimi, ambako jeraniamu ni lile ua jekundu la kwenye kopo la mafuta ya kupikia barazani kwa bibi, mkono wake unakwenda meza ya mbele bila kuulizwa. Wangu ulikwenda. Nilipanda sita ardhini kando ya mlango wa jikoni hapa Leeds, zikachanua vizuri hadi Oktoba. Kisha ukaja usiku wa kwanza wa jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya nyasi. Asubuhi nilizikuta zimelala chini kama mchicha uliotoka sufuriani.

Za meza ya nyuma ndizo ninazotaka kuzilinganisha. Jeraniamu za kudumu hupoteza majani yote au baadhi wakati wa baridi, mizizi inabaki hai ndani ya udongo ulioganda, na Machi au Aprili zinachipua upya. Unapanda mara moja, unakaa nazo miaka. Huu ni mwaka wangu wa 11 nazo, kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yenye mita 5 kwa 9. Nimepanda aina 8, na 6 bado zipo.

Watu wakiniuliza wanunue ipi, wengi wananionyesha picha ya ua kwenye simu. Mimi nauliza mengine: jua linafika hapo saa ngapi na linaondoka saa ngapi? Ukichokoa udongo kwa kijiko mwezi wa Julai, unatoka unyevu au vumbi? Kwa uzuri jeraniamu hizi zinakaribiana sana. Kwa uvumilivu hazikaribiani hata kidogo, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Hizi si zile za barazani

Mkanganyiko wa majina ni wa zamani. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliiweka mimea yote hii katika ukoo mmoja, Geranium. Mwaka 1789 Mfaransa Charles L'Héritier akaitenga ile ya vyunguni na kuipa jina lake, Pelargonium. Wataalamu wakakubali, wauza maua na wanunuzi wakabaki na jina walilolizoea, na hadi leo ua la barazani linaitwa jeraniamu dunia nzima. Majina yote mawili yanatokana na majina ya Kigiriki ya ndege, geranos na pelargos, kwa sababu tunda la mimea hii lina umbo la mdomo wa ndege. Wagiriki walikuwa na ndege wawili, ila sisi wengi tunawaita wote korongo, basi nasi tusishangae kuichanganya mimea yao.

Huo mdomo wa korongo utauona mwenyewe ua likishapukutika. Kinabaki kijiti kilichochongoka, na chini yake mbegu tano zimejipanga duara. Kijiti kikikauka, vipande vyake vya pembeni vinajikunja ghafla kwenda juu na kuzirusha mbegu mbali na mama yao. Chuchumaa karibu nazo siku ya jua kali. Mbegu ikikugonga mkononi utajua nasema nini.

Kuzitofautisha dukani ni rahisi. Jeraniamu ya kudumu ina petali tano zinazolingana, kama pangaboi la panga tano. Pelagonia, yaani ile ya barazani, petali zake mbili za juu huwa tofauti na tatu za chini, kwa umbo au kwa michirizi, na shina lake ni nene lenye maji. Jamaa zake wengi wametoka kusini mwa Afrika, na maji hayo ya shina ndiyo yanayoganda na kulipasua usiku wa jalidi.

Pelagonia nayo ina mahali pake. Kama una dirisha, kibaraza au chungu cha ngazini kinachopigwa na jua mchana kutwa, ichukue hiyo, maana hakuna jeraniamu ya kudumu itakayokupa wekundu ule. Na aliye Lushoto, Limuru au Njombe hana sababu ya kuhangaika na aina za Ulaya. Pelagonia itampa maua karibu mwaka mzima kwa kipandikizi alichoombea kwa jirani. Hata mafuta ya sabuni na manukato yanayouzwa kwa jina la jeraniamu, yanayokamuliwa Rwanda na Kenya pia, ni ya pelagonia. Halafu milima yetu ina jeraniamu zake za asili. Geranium arabicum inatambaa kwenye kingo za misitu na kando ya njia, na viua vyake vyeupe au vya waridi hafifu vina mishipa ya zambarau. Nyingine inaitwa Geranium kilimandscharicum, jina la mlima wetu kabisa. Nilizipita utoto mzima bila kujua ni ndugu wa kitu ambacho baadaye ningekilipia pauni 8.

Rozanne na makrorizumu, uso kwa uso

Naanza na hizi mbili kwa sababu ukizielewa, nyingine zote utazipanga mahali fulani katikati.

Rozanne ndiyo maarufu kuliko zote. Ilionekana mwaka 1989 katika bustani ya Donald na Rozanne Waterer, huko Somerset, mche uliotokea baina ya jeraniamu mbili zenye asili ya Himalaya, na ikapewa jina la mama mwenye nyumba. Ilianza kuuzwa mwaka 2000. Mwaka 2008 chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka, na mwaka 2013, maonyesho ya maua ya Chelsea, London, yalipofikisha miaka 100, kura za watu ziliupa mmea huu taji la karne. Ua lake lina upana wa sentimita 5 au zaidi, buluu inayoelekea zambarau, katikati jeupe.

Makrorizumu, ambayo kibandikoni utaiona kama Geranium macrorrhizum, haina sifa za namna hiyo. Jina maana yake ni mizizi mikubwa. Ni mmea wa milima ya Balkani na kusini mwa Ulaya, wenye majani mapana laini na maua madogo ya waridi. Wabulgaria wanauita zdravets, kutoka neno lao la afya, na mafuta yake wanayakamua. Jani lake ukilifikicha linatoa harufu nzito inayokaa vidoleni hata ukinawa. Mama yangu alipokuja kututembelea alilivunja jani moja, akanusa, akasema, "Mwanangu, huu ni mvumbasi wa Wazungu." Kama hupendi harufu kali, usiupande karibu na benchi lako. Mimi napalilia hapo makusudi nipate kuisikia.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwa maua pekee, mshindi yuko wazi. Rozanne inaanza Juni na haisimami mpaka jalidi iizime. Mwaka mzuri nina maua mwanzoni mwa Novemba. Makrorizumu inachanua wiki nne hadi sita, Mei kuingia Juni, baada ya hapo ni majani. Nyuki wanazipenda zote mbili. Ila makrorizumu inawahi, wakati wale nyuki wakubwa wenye manyoya wanahangaika na maua bado ni machache, na asubuhi ya Mei kitanda changu kinavuma chote.

Ukitoka kwenye maua ukaingia kwenye kivuli na kiu, meza inapinduka. Bustani yangu ina pembe iliyo chini ya mti mkubwa wa jirani. Jua linafika hapo saa 2 asubuhi, saa 4 limeshaondoka, na mizizi ya mti inakunywa kila tone la mvua. Niliweka Rozanne pale mwaka wa pili, kwa tamaa ya yale maua. Ikarefuka shingo kutafuta mwanga, mashina yakalala, na kiangazi chote nilihesabu maua manne. Nikaihamisha, nikaweka vipande vitatu vya makrorizumu nilivyopewa na mama mmoja wa mtaani kwetu, vimefungwa kwenye gazeti. Vikashika.

Mtihani wenyewe ulikuja Julai 2022, joto la Uingereza lilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu kuanza kupimwa, na Agosti huku Yorkshire tukakatazwa kumwagilia kwa mpira. Rozanne kando ya jikoni ilinywea kila alasiri, nikawa naibebea maji ya kuoshea mboga kwa ndoo. Iliacha kuchanua karibu mwezi mzima, ikarudi Septemba baada ya mvua. Makrorizumu chini ya mti sikuipa hata kikombe. Majani ya pembeni yalikauka, ya katikati yakabaki kijani. Siri iko kwenye zile shina nene zinazolala juu ya udongo, unene wa kidole, zenye mafundo kama tangawizi nyembamba. Ndimo inamotunza akiba.

Jambo la tatu halisemwi dukani: bustani inakuwaje mwezi Februari? Rozanne inaanzia sehemu moja, mashina yake marefu yanatambaa pande zote bila kutoa mizizi, na Novemba yanakufa yote. Ukishayakata unabaki na duara la udongo mtupu, mita nzima upana wake, mpaka Mei. Magugu yanaujua udongo huo. Kila Aprili nachuchumaa hapo na kisu nikizing'oa zile zinazowahi kuota kabla Rozanne haijaamka. Kwenye makrorizumu sina kazi hiyo. Sehemu kubwa ya majani inabaki wakati wa baridi, mengine yanageuka mekundu, na chini yake ni giza ambamo mbegu ya gugu haipati mwanya. Mwenye kazi mbili na watoto wadogo aitie faida hii kwenye hesabu kabla ya rangi ya ua.

Kwa nafasi, wote ni wakubwa ila kwa tabia tofauti. Rozanne moja ikifika Agosti inatanda mita moja na kupanda juu ya jirani yake. Chini ya miwaridi ni baraka, maana inafunika ile miguu mitupu yenye miiba. Karibu na mimea midogo ni hatari. Ilinizikia kichaka kizima cha thaimu. Makrorizumu inasogea polepole, kiganja kimoja kwa mwaka, na ikivuka mpaka unaing'oa kwa mkono, haikatai.

Mwisho ni pesa. Rozanne haitoi mbegu. Kuigawa inawezekana, majira ya kuchipua, lakini vipande vinachukua muda kukua, kwa hiyo ukitaka tatu jiandae kununua tatu. Makrorizumu unaivunja. Chukua kipande cha lile shina nene, urefu wa kidole, chenye kishungi cha majani kwenye ncha, kichomeke udongoni Septemba hadi majani yaguse ardhi, bonyeza kwa kisigino. Vile vipande vitatu vya gazetini sasa vimefunika mita 4 za mraba hapa, na nimeshagawa kwa nyumba tano.

Hukumu yangu basi: mahali panapopata jua kwa muda wa saa tano au zaidi kwa siku, udongo wenye unyevu, na ukitaka maua ya kuangalia kila ukiosha vyombo, chukua Rozanne na usihangaike na nyingine. Kivuli, ukavu, mteremko, chini ya mti au nyuma ya ukuta wa kaskazini, chukua makrorizumu. Aliye na sehemu zote mbili achukue zote, ila aanze na makrorizumu, maana ile sehemu ngumu ndiyo inayomkatisha mtu tamaa ya bustani.

Zile za katikati

Kama ningekuwa na bustani ya mita 2 tu, au ukanda mwembamba kando ya njia ya mlangoni, nisingechukua yoyote kati ya hizo mbili. Ningechukua Biokovo. Ni chotara wa makrorizumu na jeraniamu nyingine ndogo ya Dalmatia, aliyepatikana porini katika milima ya Biokovo, Kroatia. Chotara wa namna hiyohiyo alizalishwa pia kwenye bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1974, ndiyo maana jina la spishi yao ni cantabrigiense, Kilatini cha "ya Cambridge". Biokovo ina kimo cha sentimita 20 hadi 25, majani yanayong'aa, maua meupe yenye kivuli cha waridi katikati. Inavumilia jua kuliko mama yake na kivuli kuliko Rozanne, haitoi mbegu za kusumbua, na majani mengi yanabaki wakati wa baridi. Wale wakuzaji wa Marekani walioitaja Rozanne mmea wa mwaka waliipa hii taji hilo mwaka 2015. Haina kilele cha uzuri cha Rozanne, lakini haina pia mwezi wa aibu.

Geranium sanguineum ni ya jua na mawe. Udongo duni, wa chokaa, unaokauka upesi, ngazi za bustani, ukingo wa kokoto: huko ndiko inakopendeza. Majani yamechanwachanwa kama ya kotimiri, maua ni ya zambarau iliyokolea inayopiga kelele kidogo, na majira ya kupukutika majani yanawaka nyekundu. Anayeona kelele hiyo ni nyingi atafute aina yenye neno striatum kwenye kibandiko. Asili yake ni kisiwa cha Walney, pwani ya Cumbria, na ua lake ni la waridi jepesi lenye mishipa myekundu, kama kitambaa cha leso kilichofuliwa mara nyingi. Ukiilisha samadi nyingi inanenepa majani na kusahau maua.

Geranium phaeum Waingereza wanaihusisha na mjane, kwa ajili ya ua lake la rangi ya ganda la biringani, jeusi kasoro kidogo. Inasimama wima hadi sentimita 70, inachanua Mei kwenye kivuli, na aina ya Samobor ina baka la kahawia kwenye kila jani. Nimeipenda, ila nakushauri jambo lililonichukua miaka mitatu kuliona: ua jeusi kwenye kivuli halionekani. Niliyoipanda chini ya ukuta nilikuwa naiona nikisimama juu yake tu. Tafuta aina nyeupe, Album, mahali hapohapo itang'aa kama taa ya chemli jioni. Zote hujipanda kwa mbegu, basi kata vichwa kabla vile vijiti vya korongo havijakauka.

Zile mbili nilizoziondoa nazo nizitaje. Wargrave Pink, ya kundi la oxonianum, haina shida ya mahali: jua, kivuli, udongo mbovu, yote sawa kwake, na inachanua muda mrefu. Nami nilidhani hiyo ndiyo sifa. Baada ya miaka minne niliikuta ndani ya miwaridi, katikati ya mawe ya njia na kwenye chungu cha mnanaa. Kwenye kiwanja kikubwa au kando ya uzio wa shamba ichukue bila wasiwasi. Kwenye mita 5 kwa 9 ni mgeni anayehamia. Ya pili ni Geranium pratense, ya mbugani, ndefu na nzuri kwa wiki tatu, kisha inaanguka kwa mvua moja na majani yanavaa ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, kila Agosti. Mtoto wake, Johnson's Blue, ndiye aliyekuwa akisifiwa kuliko wote kabla Rozanne haijaja. Bado ninayo, buluu yake ni tulivu zaidi na sina moyo wa kuing'oa, lakini anayenunua leo kwa mara ya kwanza sioni kwa nini aichukue wakati Rozanne inachanua miezi mitano na yenyewe mmoja na nusu.

Kununua, kupanda, kukata

Chungu kidogo cha sentimita 9 kinatosha. Mche wa lita 2 bei yake inakaribia mara mbili, na ukifika mwaka wa pili huwezi kuwatofautisha. Kwenye kibandiko cha Rozanne huenda ukaona pia jina Gerwat. Ni mmea uleule, hilo ndilo jina lake la kusajiliwa. Uinue mche na uangalie chini: mizizi mieupe michache kwenye matundu ni dalili njema, mizizi iliyojizungusha kama waya ni dalili umekaa dukani mno.

Panda Septemba na Oktoba, udongo ukiwa bado na joto, au Machi na Aprili. Loweka mche kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, changanya mboji kidogo kwenye shimo, panda kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye chungu. Rozanne ziachane sentimita 60 hadi 75, na utaona ni mbali mno mwezi wa kwanza. Makrorizumu sentimita 40, karibu 6 kwa mita ya mraba. Biokovo zikaribie kidogo zaidi. Mwaka wa kwanza mwagilia hata zile nilizosema hazina kiu, kwa sababu uvumilivu wao uko kwenye mizizi na mizizi bado haijashuka.

Mkasi ndio unaotenganisha bustani nzuri na ya hovyo. Phaeum, Johnson's Blue na jamaa zao zikimaliza mkupuo wa kwanza, zikate karibu kabisa na ardhi, majani na yote, umwagilie ndoo nzima. Moyo unauma, lakini baada ya wiki mbili au tatu una majani mapya laini, na pengine maua machache tena. Rozanne ikianza kulegea katikati ya Julai, kata nusu yake, upande mmoja leo na mwingine baada ya wiki mbili, usibaki bila maua kabisa. Makrorizumu usiikate chini. Vuta tu majani yaliyokufa.

Maradhi ni machache. Koa wanapita, sungura nao hawana hamu nazo sana. Cha kuangalia ni mimea ya vyunguni: ikinywea na udongo una maji, ipindue uchungulie mizizi. Ukikuta funza weupe waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia, tupa udongo wote, osha mizizi, panda upya.

Kwa walio mbali na Leeds

Baridi ya Uingereza ni ya kistaarabu. Walio Minnesota au katikati ya Kanada wanajua nyingine, na kwao mpangilio wangu unabadilika. Rozanne inaaminika hadi karibu nyuzi 29 chini ya sifuri. Penye baridi kuliko hapo ni bahati nasibu, na itahitaji matandazo mazito ya majani makavu. Makrorizumu inavumilia hadi karibu nyuzi 34 chini ya sifuri, na sanguineum hata 40. Huko ningeanza na sanguineum juani na makrorizumu kivulini, na ningeitafuta Geranium maculatum, ambayo ni mwenyeji wa misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini. Kwa walio Muscat au Dubai siwezi kupendekeza yoyote kati ya hizi. Kiangazi cha huko kitazichemsha.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga anayeishi Leicester amenitumia picha: ukanda wa mita 3 kwa 1 kati ya uzio na njia ya saruji, jua la asubuhi tu, udongo mgumu kama tofali. Akaandika, "Da'angu, nimeona Rozanne mtandaoni, niagize tatu?" Nimemjibu aagize moja, aiweke kwenye chungu kikubwa ngazini ambako jua linafika hadi alasiri. Ule ukanda auchimbe, atie mboji magunia mawili, auache utulie. Oktoba nashuka Leicester kwa harusi, na vipande 15 vya makrorizumu nitamletea mwenyewe, vimefungwa kwenye gazeti.